Marufuku Kupiga Resi

Kiwanda cha magari kilipofungwa walituambia tusipige kelele. Tulipodai bima ya wazee, tusipige kelele. Sasa Brent Halloran, muuza nyumba aliyejipachika uenyekiti wa maandamano ya magari ya zamani hapa kwetu Michigan, akatangaza: marufuku kupiga resi, yaani kungurumisha injini, barabarani; mkaidi gari lake litavutwa. Damu ilinipanda. Nilijua anamlenga nani.

Alimlenga Darlene Wojtas. Darlene amerithi Chevelle nyeusi, gari la baba yake, Stan, aliyefunga injini pale kiwandani hadi mapafu yakakataa. Stan aliitoboa boneti akasimamisha tanelramu, ile manifoldi ndefu ya magari ya mashindano inayopitisha hewa na mafuta kwenda kwenye injini, kabureta mbili juu yake, mpaka dereva anaiona barabara kwa kuchungulia pembeni. Hicho ni kitu cha mbio. Ukienda mwendo wa kobe, petroli inatuama ndani, plagi zinalowa, injini inakufa. Mafundi wote walimwambia haifai barabarani. Lakini Stan alikuwa amechoka kuachwa kwenye taa za barabarani na watoto wa mameneja. Akaifunga, na ikamtii, mradi kila akisimama aikanyagie mafuta kidogo ivute pumzi.

Stan alizikwa majira ya baridi. Kampuni haikutuma hata ua. Darlene alitaka jambo moja: gari lile lipite mbele ya lango la kiwanda, lingurume, basi. Siku hizi lango lenyewe ni la ghala, na wenye ghala ndio waliolipia mabango ya maandamano. Unaelewa sasa.

"Brent, nisipopiga resi itazimika," Darlene alimwambia.

"Si uweke manifoldi ya kawaida, mama? Wenzako mbona wanaweza?"

"Mama yako yuko nyumbani. Mimi na wewe tulikaa dawati moja."

Brent akanigeukia. "Na wewe mzee, usituanzishie mambo yako ya chama cha wafanyakazi."

"Niliyaanza hujaota meno."

Nilimshauri Darlene akaidi. Akakataa. "Wakilivuta kabla ya lango nitakuwa nimepata nini? Nitatii. Labda litafika."

Kutii! Nilimkasirikia naye pia. Tumetii mpaka shule imefungwa, hospitali imehama, na tunaambiwa tushukuru kwa ghala. Hata hivyo nilipanda nikakaa kando yake.

Wakatupanga nyuma ya trekta. Jua la Agosti lilikuwa kali, trekta linatambaa, na askari wa pikipiki yuko ubavuni petu kama tumeiba. Injini ikaanza kukohoa.

"Afande, niruhusu nikanyage kidogo tu," Darlene aliomba.

"Sheria ni sheria, dada."

"Nakwambia itazimika."

"Endelea kwenda."

Akaendelea. Ikazimika. Ilizimika palepale kwenye mdomo wa lango, na lori la ghala lilikuwa linatoka. Dereva wake akashikilia honi.

Brent alifika mbio, shati limeloa. "Sukumeni! Sukumeni!"

Nyuma yetu walikuwa wazee wa kiwanda ndani ya magari yao. Hakuna aliyepanga kitu, naapa. Nilisikia injini moja inazimwa, ikafuata nyingine, na nyingine. Leroy Pickett, aliyebeba vyuma humo tangu ujana, alishusha kioo.

"Wewe Leroy, njoo usukume!" Brent alimwita.

"Mgongo wangu niliuacha humo ndani. Kauombe."

Bredauni iliyoitwa kutuvuta haikupata pa kupita. Darlene alishuka, akazungushia mkono kitambaa kwa sababu ya joto la ekzosi, akaanza kufungua plagi, moja baada ya nyingine. Hakuharakisha. Alizifuta, akazinusa, akazirudisha. Ndani ya uzio malori yalizidi kujipanga, na mkubwa mmoja wa ghala, amevaa tai, akatoka ofisini akaja langoni.

Alipowasha, moshi mweusi ukawafunika wote watatu: Brent, askari na yule wa tai.

"Haya, ondoka!" Brent alifoka.

"Siwezi. Nikiiondoa hivi, itakufa tena hapahapa."

"Sasa unataka nini?"

"Umenikataza ninachotaka."

Brent alimtazama askari. Askari alitazama viatu vyake. Mwenye tai alitazama malori.

"Mwacheni apige," alisema mwenye tai.

"Piga basi," Brent akanung'unika.

"Sikusikii."

"Piga resi, Darlene!"

Akakanyaga. Kabureta zote mbili zilifunguka na ile Chevelle ikanguruma mpaka mabati ya ghala yakatetemeka. Hakuachia. Plagi zilikauka, akazidi kukanyaga, taya limekaza, macho kwenye lango. Mimi nilitoa kichwa dirishani nikaanza kumwambia yule mwenye tai: bima, mapafu, waliokufa wakisubiri majibu, jina kwa jina. Hakusikia neno hata moja, na mimi sikunyamaza.