Maneno Yaliyopitia kwa Edah

Nakhumicha hakuwahi kumshika mkono baba mkwe wake. Tangu aolewe, alimwamkia kwa mbali, macho chini, na kumpisha njia kila walipokutana. Lakini Jumatatu ile, katika maabara ya Kitale alikofanya kazi, aliishika nyama yake. Ilikuwa imeganda ndani ya nta, nyembamba kama uzi wa kushonea, na ubavuni pameandikwa jina: Walubengo, Kanduyi. Aliikata kwa mashine, akaitia rangi, akampelekea daktari. Daktari aliinamia hadubini kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi. Saratani ya tezi dume. Picha za mgongo zilikuwa zimeshaonyesha mengine: ugonjwa ulikuwa umehama, umeingia mifupani.

Masalia ya nyama kama ile yalichukuliwa na mtafiti wa chuo kikuu aliyefika maabara mwaka ule wa 2009. Ndiye aliyemchorea Nakhumicha mambo yalivyo. Kila seli hupokea maagizo: kua, gawanyika, tulia. Kati ya agizo na utekelezaji husimama vipande vidogo mno, mikro-RNA, ambavyo kazi yake ni kulikatiza agizo kabla halijatimizwa. Tezi ikiugua, baadhi ya vizuizi hivyo hupungua, na seli zikakua bila wa kuzikanya. Vingine huzidi, vikanyamazisha hata agizo la kutulia, na seli zikapata njia ya kuhama.

"Bado tunajifunza," mtafiti alisema. "Haya hayatamponya mgonjwa wa leo."

Tiba ya leo ilikuwa kisu. Alhamisi mzee atolewe korodani, ili saratani ikose homoni zinazoilisha, kabla uti wa mgongo haujavunjika na miguu kupooza.

"Niachie mimi," alisema Hillary, mume wake. "Wewe ni mkwe. Utaanzaje kutamka kitu kama hicho mbele ya baba?"

Alimwachia. Aliona kunyamaza ndiyo heshima, na moyoni alishukuru kwamba heshima yenyewe ilikuwa rahisi hivyo.

Jumatano walikwenda Kanduyi kumchukua mzee. Walimkuta sebuleni, ameegemea mto, hana hata dalili ya kujiandaa kwa safari.

"Hospitali ya nini tena?" aliuliza. "Si Hillary aliniambia ni mgongo tu, ni kazi ya plau?"

Hillary alitazama viatu vyake.

Nakhumicha alikuwa jikoni, maana kwa mila hakuketi chumba kimoja na mzee. Mlangoni, kati ya jikoni na sebule, alisimama Edah, mama mkwe wake. Katika nyumba ile, neno la mkwe lilipitia kwa Edah.

"Mama, mwambie baba si mgongo. Ni saratani."

Edah aligeuza shingo. "Mzee, ati kuna kauvimbe kadogo."

"Mwambie imeingia kwa mifupa."

"Ati ndiyo maana mifupa inakusumbua kidogo."

"Kauvimbe!" Mzee alicheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Hata jirani Wabwile ako na kauvimbe kwa shingo, na bado anatumalizia pombe ya busaa."

"Mwambie kesho watamtoa..." Nakhumicha alishusha sauti. "Watamtoa korodani."

Edah alimtazama. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa laini kama anayebembeleza mtoto. "Ni kaoparesheni tu, mzee. Unaenda, unarudi."

"Kama ni kadogo, si kangoje tumalize kupalilia?"

Nakhumicha aliuona mchoro wa mtafiti umesimama mlangoni, umejifunga leso. Neno lilitoka jikoni likiwa zima, likafika sebuleni limeishiwa nguvu. Edah hakuwa na ubaya. Alimpenda mume wake, na upendo huo ulikuwa ukimmaliza mzee. Na yeye mwenyewe, tangu Jumatatu, alikuwa nani kama si kizuizi kingine chenye adabu?

Aliinuka, akapita ubavuni mwa Edah, akaingia sebuleni.

"Nakhumicha!" Hillary alinong'ona. "Rudi, bana."

Alipiga magoti pale pale karibu na mlango, mbali na kiti cha mzee, macho sakafuni. "Baba, unisamehe. Ni saratani ya tezi dume. Nyama yako niliikata mimi mwenyewe kule maabara. Saratani imeshika uti wa mgongo. Wakikutoa korodani, itapungua nguvu, ingawa haitaisha. Ukingoja, utaacha kutembea."

Nje, mnyororo wa ng'ombe ulikwaruza jiwe.

"Hillary," mzee aliita. "Ulijua?"

Hillary alisogea nyuma, akaegemea ukuta.

Mzee hakumtazama mkwewe hata kidogo. Aligeukia dirishani, kwa maksai wake mweusi aliyefungwa kando ya plau. Alimhasi kwa mikono yake mwenyewe, na hapakuwa na mnyama mtulivu kuliko yule kijiji kizima.

"Edah."

"Niko, mzee."

"Muulize bibi ya Hillary. Ati maksai hukumbuka kwamba alikuwa fahali?"

Nakhumicha alikuwa amesikia; alikuwa pale pale, miguuni pa Edah. Hata hivyo alingoja. Edah aliifunga leso yake upya, akaikaza, kisha akayarudia maneno yote kama yalivyotoka, bila kupunguza hata moja.