Mbwa Niliyemwita Wewe

Mimi nina mdomo. Waulize watu wa mtaa wetu wa Wabera, watakwambia Habsa akifoka hata lori la mumewe linazima lenyewe. Lakini siku moja, mwaka wa themanini na nne, mdomo huu ulitakiwa kusema ukweli mdogo tu, ukanishinda.

Mbwa mwenyewe alikuja na lori. Mume wangu Abdisalan alikuwa akibeba ngozi za mbuzi kutoka Merti, na safari moja ya mwaka wa sabini na nane, wakishusha mzigo kwetu, wakakuta kitoto cha mbwa katikati ya ngozi, macho yamejaa nzi. Dereva akataka kukitupa mtoni. Nikamfokea: "Una roho gani wewe? Lete hapa, atalinda mbuzi."

Nikamwekea sufuria kuukuu nyuma ya zizi. Sikumgusa. Kwetu mbwa akikulamba unaosha mara saba, mara moja kwa mchanga, na mama mkwe wangu Sahro, aliyeishi nasi, alikuwa mtu wa swala, nguo yake haina doa. Nilimwogopa, wallahi. Hata jina sikumpa mbwa, maana ukimpa jina ni wako. Nilimwita Wewe. "Wewe, kula! Wewe, toka hapo!" Akazoea.

Miaka sita fisi hakugusa zizi letu. Nikiwa peke yangu nilimkuna mgongo kwa fimbo, kwa sababu fimbo haioshwi mara saba, naye alifumba macho kwa raha. Nilimpenda. Sasa naweza kusema.

Halafu kichaa cha mbwa kikaingia mjini. Watu wa chanjo wakapita mtaa kwa mtaa: mbwa mwenye mtu anadungwa sindano, asiye na mtu anapigwa risasi. Asubuhi nikamficha Wewe chini ya lori na mifupa yake, nisije nikaulizwa ni wa nani Sahro akisikia, nikaona nimemaliza kazi.

Adhuhuri wageni walikuwa uani kwangu, wanawake watano wa ukoo wa Sahro, wanamngoja amalize kuswali ndani. Askari wa chanjo akaingia, akapiga teke ndoo yangu ya maji. Maji, na ukame ule! Nikasahau kila kitu.

"Wewe! Huna macho?"

Yarabi. Mbwa akatoka mbio chini ya lori, mkia unacheza, akaketi miguuni pangu.

"Mama," askari akauliza kwa heshima, "huyu ni wako?"

Wanawake walikuwa wanavuta nguo zao, mbwa asiziguse. Dini inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo, na mimi nilijua hivyo tangu madrasa. Jibu lilikuwa tayari.

"Si wangu," nikasema.

"Lakini amekuja ulipomwita."

"Nilikuwa nakuita wewe."

Wageni wakacheka. Askari akamfunga kamba, mbwa akakataa kwenda. Alikuwa ananitazama mimi. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Wewe, nenda." Akaenda.

Bunduki ililia upande wa laga, ule mto mkavu. Sahro akatoka ndani, tasbihi mkononi, akasalimia wageni, kisha akanigeukia.

"Habsa, bunduki ya nini? Mbwa wako ameshadungwa sindano?"

Mbwa wako. Mbele ya wageni wote, bila hata kushusha sauti.

"Mama, ulijua?"

"Miaka sita unamkuna kwa fimbo. Unadhani mimi ni kipofu? Si analinda mbuzi wetu?"

Nikakimbia bila viatu. Nilimkuta mchangani, nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilimwomba msamaha, na sikuwa na jina la kumwitia.

Niliporudi wageni walikuwa wameondoka. Sahro alinisubiri mlangoni na birika, na mchanga kidogo kwenye kibakuli. Akanimwagia maji mikononi, akihesabu polepole. Nilitamani asifike saba.