Mgonjwa Hewa

Mama alianza na gumba la kulia. Kifaa cha kusoma vidole kikawasha taa nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu tena. Alipofika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto alikuwa ameshaifuta mikono yake kwenye gauni mara nne, maana alidhani ni uchafu.

"Mnisamehe wanangu," aliwaambia vijana waliosimama kumzunguka. "Niliosha kabla ya kuja."

Hapakuwa na uchafu. Miaka ishirini na mitatu ya kuponda kokoto ilikuwa imevisugua vidole vyote kumi vikabaki laini mithili ya kijiko cha zamani. Bintiye alijua hivyo, na ndiyo sababu alimleta. Binti huyo alikuwa mjaribu wa programu katika kampuni hii. Kazi yake ni kutafuta kosa kabla mteja hajalikuta, na wenzake walimbatiza Bi Kasoro. Mama mtu hakuwahi kukanyaga ofisini kwake. Siku ya kwanza kuingia, kasoro akawa yeye.

Kampuni ilikuwa inatengeneza mfumo wa dawa kwa hospitali za umma. Mgonjwa anaweka kidole dirishani, mashine inamtambua, anapewa dawa zake za mwezi. Basi. Ukutani kazi zote zilibandikwa kwa kadi katika safu tatu: Bado, Inaendelea, Imekamilika. Kila asubuhi watu walisimama mbele ya ukuta huo, na kila mmoja akajibu maswali matatu: jana umefanya nini, leo utafanya nini, kuna kizuizi? Na hakuna kadi iliyovuka kwenda Imekamilika bila herufi za jina la mjaribu. Sheria hiyo ilichapwa kwa wino wa rangi kwenye vijitabu walivyogawiwa wateja, na wateja waliipenda sana.

Kadi namba 88, Kusoma Vidole, ilikuwa imekwama katikati wiki ya tatu sasa. Mafundi walikuwa wameijaribu kwa vidole vyao wenyewe, vidole vya watu wanaobonyeza kompyuta kutwa, na vyote vilisomeka mara ya kwanza. Bi Kasoro alikataa kuitilia herufi. Dawa ya kosa hilo aliiona ni rahisi: kidole kikigoma, karani aandike namba ya kadi ya hospitali. Kazi ya siku mbili.

"Huo ni mlango wa nyuma," alisema Mteja mchana ule, mbele ya meneja. Wote walimwita Mteja, ingawa hakununua chochote kwa senti yake. Alikuwa afisa tu aliyetumwa na wakubwa. "Dawa zilikuwa zinapita hapo hapo kwenda kuuzwa."

"Lakini mheshimiwa, kuna mgonjwa wa kweli ambaye kidole chake…"

"Asiyesomeka ni hewa, bibie. Tumeahidi kupunguza wagonjwa hewa, majina yasiyo na watu, kwa robo. Tutawapunguzaje kama kila hewa atapewa namba?"

Alicheka. Meneja naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

"Mama yangu si hewa," alisema Bi Kasoro. "Amekaa hapo nje kwenye benchi."

"Mmoja huyo. Usinisimamishie mradi mzima kwa mama mmoja."

Meneja alimfuata kwenye korido. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Mtu mbaya ungemtukana ukapata nafuu.

"Dada yangu, mimi nakuelewa kabisa. Ila Ijumaa ndiyo mwisho wa mzunguko huu wa kazi. Na mkataba wako pia unaisha Ijumaa, sijui kama unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Basi weka herufi zako. Hiyo ya karani tutaiandikia kadi yake, iende awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Baada ya awamu ya kwanza."

Alikaa na kalamu hadi kiti kikamuuma. Akitia herufi, mama atakosa dawa ya presha. Asipotia, atatia mwingine kabla ya saa kumi, na mama atakosa dawa na hata chumba cha kulala, maana kodi inatoka kwenye mshahara huu. Alipiga hesabu hiyo mbele na nyuma, jibu likatoka lile lile. Akaandika herufi mbili, ndogo, pembeni, kama mtu anayetaka zisionekane. Aliona aibu hata kumtazama mama walipokuwa wanatoka getini.

"Vijana wazuri," alisema mama. "Wamenipa maji ya baridi."

Mwezi uliofuata mfumo ulizinduliwa. Bi Kasoro aliomba ruhusa akampeleka mama dirishani mwenyewe. Walipanga foleni tangu asubuhi. Taa ikawaka nyekundu mara kumi.

"Mama, mashine inasema hupo," alisema karani.

"Nipo."

"Mimi nakuona. Mashine ndiyo haikuoni."

Karani aligeuza kioo cha kompyuta ili waone kuwa hasemi uongo. Mhusika hatambuliki. Usitoe dawa. Bi Kasoro aliijua sentensi hiyo. Katika 'hatambuliki' kulikuwa na herufi moja iliyorukwa, na yeye ndiye aliyeishikia bango mpaka ikarekebishwa. Sasa ilisomeka vizuri.

"Jaza fomu ya malalamiko," karani alisema. Tayari alikuwa anamtazama mtu wa nyuma yao. "Itapelekwa kwa mafundi."

Njiani mama aliuliza, "Mafundi ndio kina nani?"

"Watu wa kompyuta."

"Si ndio nyinyi?"

"Ndio sisi, mama."

"Aa, basi imefika nyumbani," alisema mama, akatembea mwendo wa mtu aliyetua mzigo.

Kuanzia siku hiyo mama hakuosha chombo wala kufua. Jirani mmoja alimwambia mistari ya vidole hurudi ikipumzishwa. Akawa anavipaka mafuta, anavivika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa uzi, anashinda amekaa mlangoni mikono mapajani. Vidonge vilivyobaki alivikata nusu nusu. Kisogo kilimgonga kutwa, lakini hakusema. Bintiye alijua kwa jinsi alivyoshika ukuta akisimama. Asubuhi ya siku ya tisa alifungua mfuko mmoja akainua gumba kwenye mwanga.

"Tazama vizuri. Si imeanza kurudi?"

"Imeanza, mama," alisema Bi Kasoro. Gumba lilikuwa laini vile vile.

Ofisini walikuwa wameshasimama mbele ya ukuta. Meneja alishika kadi mpya, namba 412, iliyotoka kwenye fomu ya malalamiko, akaisoma kwa sauti.

"Mgonjwa wa kike, umri miaka sitini na sita. Vidole havisomeki. Hana dawa."

Vijana wale wale waliompa mama maji ya baridi walitazama viatu vyao. Meneja aliandika chini ya kadi, polepole, kwa mwandiko mzuri: Mfumo unafanya kazi kama ulivyopangwa. Kisha akamkabidhi Bi Kasoro kalamu.

"Herufi zako hapa, tuifunge. Mteja ametuma barua ya pongezi. Wagonjwa hewa wamepungua kwa robo na ushei. Kuna soda jikoni."

"Na kadi ya awamu ya pili?"

"Ipo. Haijapotea."

Alitia herufi mbili. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Jana?" meneja aliuliza.

"Nilijaribu ripoti."

"Leo?"

"Ripoti."

"Kuna kizuizi?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Hakuna," alisema Bi Kasoro.

Meneja akaipokea kadi, akaibandika chini ya Imekamilika. Gundi ilikuwa imechoka na kadi ikataka kuanguka. Akaikandamiza ukutani kwa gumba lake, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka ikashika.