Minazi Aliyoipanda Dama

...na soda kapewa yeye, Dama, aliyeingia Tononoka jana kuja kutibiwa goti, soda ya Nyevu, kwenye bilauri ya Nyevu, na Nyevu mwenyewe yuko jikoni juu ya mbuzi anakuna nazi, kwaru kwaru, kama mpishi wa harusi ya watu, kwani yeye hakuolewa na Fondo yule yule? lakini msichana wa chuo kikuu, huyu Caroline anayetafiti habari za mashamba, amemtaka mke mkubwa tu, yule aliyebaki Kaloleni, wa mjini anajua nini, na Dama huyo anajikohoza kama diwani anayeomba kura, na leso aliyojitanda ni ya Biashara Street, nani kamnunulia? si Nyevu huyu huyu, mjinga yeye... "Na ardhi ni ya nani, mama?" "Ya ukoo, mwanangu, na shemeji yetu Kombe ataka kuwapa watu wa machimbo," ...haya, hilo kalisema sawa, ardhi ni ya ukoo ila mnazi ni wa aliyeupanda, hata awe mwanamke, haung'olewi bila ridhaa yake, na Caroline kumbe analijua, maana anauliza polepole, "Na minazi, nani aliipanda?" ...sema basi, jitape, si ndiyo uliyomrusha nayo roho mwenzio kila Fondo alipopata likizo bandarini, Nyevu kashuka basi Kaloleni na viatu vya kisigino na wanja mpaka masikioni, na Dama yuko mashimoni, matope mapajani, mimba imemtangulia, na macho ya Fondo yakaenda wapi? kwenye matope, "Tazama mwenzio anavyopanda, Nyevu," akatazama, wallahi akatazama, shimo kwa shimo, mpaka ule mche wa karibu na zizi uliokufa Dama akapanda mwingine pale pale, roho ikimwaka Nyevu... "Marehemu mume wetu," Dama anasema, kwa ile sauti ya mjane mwenye adabu, "ndiye aliyeipanda yote." Eti? Mkono ukasimama kwenye nazi. Fondo? Fondo aliyekuwa akifika shambani kulala tu? mjinga huyu, kwa kumheshimu maiti anaitoa minazi yake, minazi ya Fondo ni ya nduguze Fondo, ni ya Kombe, na tingatinga halimngoji mtu amalize kulia, na goti hilo, Dama, unadhani lilikufia wapi? na nani atambishia Kombe, wazee waliokuwepo wote washazikwa, hakuna aliyeiangalia kazi ile kwa makini ila yeye, Nyevu, kwa husuda yake... anyamaze, mikono imejaa nazi, nani atamlaumu, na Fondo hakuwahi kumwambia mtu amtazame yeye, hata mara moja, na bado inauma, uzee huu wote bado inauma, na sasa sifa ile ile imtoke yeye mdomoni, mbele ya mtu wa chuo kikuu, aimeze akiitapika... kwaru, kwaru... "We Dama!" akapaza sauti, hakuinuka, kizio cha nazi mkononi, "wacha uongo! Umepanda wewe, mimi nikikutazama!"