Hatua ya Saba na ya Nane

...na tepu hii ikikunjamana hata kidogo tu hariri itavuta upande mmoja na bendera itapinda hewani, kwa hiyo pole pole, zungusha, vuta, zungusha, kidole gumba kinafuata nyuma kulaza ukingo, mikono bado inakumbuka ingawa sijashika mti wa bendera tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba, na Yadira amepiga magoti mbele yangu, ameushikilia mti kwa mikono miwili, na huku anaongea, tangu zamani mdomo wake haujui kupumzika, "Chabela, harakisha bibi, hawa wakimaliza ni zamu yetu," na hawa ni bendi ya shule ya mji wa jirani, wako uwanjani sasa hivi wanashindana, upande wa pili wa majukwaa, siwaoni ila nawasikia, matarumbeta yao yamepanda kidogo kuliko inavyotakiwa, ni joto hilo, shaba ikipata moto sauti inapanda, na jua la Oktoba la hapa Bondeni, mpakani na Meksiko, halijawahi kuambiwa kwamba ni Oktoba... mimi nilikuja kutazama tu, nimlete Nayeli asikie ngoma, nikae juu kabisa kwenye viti vya mwisho ambako hakuna anayenijua, lakini Yadira siku hizi ni mwalimu msaidizi wa kikosi cha bendera, wasichana wanaocheza na kurusha bendera mbele ya bendi ya shule yetu ya zamani, na macho yake ni ya mwewe, aliniona toka getini akapiga kelele mbele ya uwanja mzima, "Wewe! Mwenye vidole! Bendera ya Itzel imechanika, shuka!" nikashuka uso unawaka, mtoto kiunoni, watu wananipisha, samahani, samahani, na sindano ya Yadira ilikuwa ile ile aliyokuwa akiichomeka kwenye kofia tulipokuwa shuleni, au labda ni nyingine, sindano zote zinafanana, nimeshashona mpasuko, mishono midogo ambayo majaji kule juu kwenye kibanda chao hawataiona, na sasa nairudisha hariri kwenye mti, imebaki ncha ya chini, zungusha, vuta, na Nayeli amekaa juu ya kasha la ngoma kubwa, miguu inaning'inia, anakula vibanzi vya mahindi vilivyomwagiwa jibini la moto, jibini mpaka kwenye nyusi, "Huyu mwanao anakula kama mpiga tuba," Yadira anasema, na wasichana wanacheka, wako wanane wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, nywele zimelazwa kwa mafuta mazito hadi zinang'aa kama kiatu kipya, vumbi la dhahabu kwenye kope, mungu wangu, harufu ile, mafuta ya nywele na jasho na tepu mpya, harufu ya alfajiri kwenye basi la njano, Yadira amelalia bega langu mdomo wazi na mimi sisogei kilomita tisini nzima nisije nikamwamsha... "Wasichana, ngoja niwatambulishe," anasema, "huyu ndiye Chabela, yule niliyewaambia, huyu ndiye aliyetakiwa adake ile bendera niliyoirusha mpaka Meksiko," na wanacheka tena, wanaijua hadithi, ameshawasimulia, inaonekana anawasimulia kila mwaka, anajicheka yeye kwanza kabla hawajamcheka wao, na mimi natabasamu huku nikitazama tepu, zungusha, vuta, natabasamu kama mtu aliyeambiwa heri kwenye harusi isiyo yake, kwa sababu bendera ile haikwenda Meksiko, bendera ile ilikwenda pale pale ilipotakiwa kwenda, na katika watu wote waliokuwa uwanjani siku ile anayelijua hilo ni mmoja tu, naye ana tepu mkononi... liache, Chabela, miaka mitatu imepita, mwenyewe anacheka, umwamshe aliyelala ili iweje.

Agosti ile ya kwanza tulikuwa na miaka kumi na minne, tulijifunzia kwenye maegesho ya magari nyuma ya shule, lami inalainika chini ya viatu, mistari ya uwanja imechorwa kwa rangi nyeupe, na kila mmoja ana kijitabu kimefungwa kamba shingoni, ndani yake nukta zako zote, mahali pako pa kusimama katika kila picha ambayo bendi inaichora uwanjani, hatua ngapi toka mstari gani, picha ya kwanza, picha ya pili, mpaka ya hamsini na nane, na Bwana Villagómez, mkuu wa bendi, juu ya ngazi yake na kipaza sauti, "Nenda kwenye nukta yako, si kwa jirani yako! Jirani akipotea usipotee naye!" lakini sisi wa bendera tulikuwa na macho ya pembeni, tulipenda mstari unyooke, ilikuwa kama ugonjwa, jirani akirudi nyuma kidogo nawe unarudi bila kujua, na ukiwa na kiu unapewa maji ya kwenye chupa ya achari ya matango, eti chumvi inazuia misuli isikaze, Yadira alikuwa anayanywa kama juisi kisha anakutolea pumzi usoni, shetani yule... nyumbani kwao hakukuwa na mti wa bendera, tulitumia bomba la maji la plastiki na shuka ya bibi yake yenye maua, boliti mbili kila ncha ili liwe na uzito wa kweli, na jioni kwenye uwanja wa malori ya baba yake alinirushia na mimi nikadaka, nikarusha naye akadaka, mpaka mbwa akachoka kutubwekea, na alipokuwa akirusha Yadira alitazama juu na mdomo wazi, kila mara, kama mtoto anayesubiri tone la mvua, nilimwambia utameza nzi, akasema nikimeza nitamtemea jaji... mwaka wa tatu tukapewa sisi, katika kikosi kizima, ule mrusho wa wawili, yeye mbele peke yake, mimi katikati ya mstari wa wanane, sisi tunarudi kinyumenyume hatua nane huku tunamtazama, kwenye hesabu ya pili anaachia, bendera inapanda, inazunguka mara moja na nusu, na kwenye hatua ya nane mimi nimefika kwenye nukta yangu na nanyoosha mikono na inatua, tulifanya hivyo mara elfu, nikifumba macho nilikuwa naweza, hatua nane ni hatua nane, na asubuhi ile ya mashindano ya kanda basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta watu wajisaidie, nikaingia chooni na kile kijiti cha kupimia mimba nilichokinunua mji mwingine ili muuzaji asiwe mtu anayemjua mama, na kulikuwa na mistari miwili, na nje Yadira anagonga mlango, "Chabela, umezaliwa humo? Basi linaondoka!" nikatoka, nikapakwa vumbi la dhahabu kwenye kope, nikaingia uwanjani... na nikahesabu, naapa nilihesabu, moja, mbili, akaachia, tatu, nne, na nikawaza ule mti, mita moja na nusu na boliti zake, unashuka toka juu huko, ukinipita mikononi utaniangukia tumboni, sikuwa nimewahi kuliwaza jambo hilo katika zile mara elfu, tano, sita, na miguu ikasimama, hakuna aliyeiamuru, ilisimama kama punda, na mimi nikatazama juu, na hili sijawahi kumwambia mtu, ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, hariri ya rangi ya machungwa ilifunguka yote hewani, ikasimama kidogo pale juu kabisa kama inafikiri, mti ukageuka ndani yake taratibu, sawasawa, sawasawa kabisa, kisha ikapita juu ya kichwa changu na upepo wake ukanigusa nywele, ikatua nyuma yangu hatua mbili, kwenye nukta yangu, pale pale, ambapo mimi sikuwepo, na sauti ya mti kwenye nyasi haikuwa kubwa, ni watu elfu tano walionyamaza ndio walioifanya kubwa.

"Mwalimu," Itzel anasema, ana miaka kumi na mitano, mwembamba, yeye hakucheka na wenzake, midomo inahesabu peke yake, "hata leo nirushe chini?" na Yadira anageuza kichwa, mti haujamtoka mikononi, "Chini, mama, usawa wa kifua tu, isizidi kichwa, umenisikia?" "Lakini ikiwa chini haimalizi kuzunguka, Mwalimu, wiki ya juzi na wiki iliyopita hariri ilimpiga Perla usoni akidaka, bendera ikaanguka." "Ilianguka kwa sababu bado ulizidisha. Tena punguza. Mkono ukiwa na hofu unadanganya, Itzel, nakuambia mimi niliyeonja, siku ile nilijiona nimerusha sawasawa, ningeapa mbele ya padri, kumbe," na neno hilo moja, kumbe, analisema kwa kicheko na linaniingia kama sindano chini ya ukucha, "na leo ikikutoka kwenye mazoezi ya getini naufuta mrusho wote, utatembea mikono mitupu, hakuna aibu, bora mikono mitupu kuliko kuua bendi ya watu mia na arobaini," na Itzel anasema ndiyo, Mwalimu, kama vile Yadira alivyosema ndiyo, bwana, Jumatatu baada ya mashindano yale, kwenye chumba cha bendi, taa zimezimwa, picha ya video ukutani, na Bwana Villagómez akaisimamisha kwa kidole, hakuwa mtu mbaya, alikuwa amelia usiku uliopita, macho yalikuwa mekundu, miaka kumi na moja bendi yetu ilikuwa haijakosa kupita kwenda mbele mpaka siku ile, akasema tazameni mstari, na tukatazama, na mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliotiwa nta, kwa sababu mimi niliposimama kwenye sita wale wa kulia kwangu na wale wa kushoto kwangu waliniona kwa jicho la pembeni na wao wakasimama, mmoja mmoja, haraka, bila kujua, walinifunika, ugonjwa wetu ule wa kupenda mstari ulinifunika, wote wanane tulikuwa hatua mbili nje na hakuna aliyeonekana yuko nje, na nyuma yetu bendera kwenye nyasi, peke yake, kama imetupwa na mwendawazimu, "Mstari uko sawa," akasema, "Yadira, mkono ulizidi," naye Yadira akasema ndiyo, bwana, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuusikia moyo wake, na kijitabu changu kilikuwa shingoni mwangu, kila kitu kimeandikwa, hatua nane, na sikukifungua, kwa sababu wangeuliza kwa nini ulisimama, na jibu lilikuwa tumboni... kisha tumbo likajitangaza lenyewe, nikaacha shule, hakukuwa tena na sababu ya kuficha, Yadira akaja na nguo za mtoto za dada yake zimefungwa utepe, akakaa kitandani kwangu, akasema shuleni wananiita Meksiko, unajua? hata mwalimu wa hesabu, akacheka, na hapo ndipo pangekuwa pahali pa kumwambia, nilifungua mdomo nikasema asante kwa nguo, na tangu hapo ikawa kama kijiwe ndani ya kiatu, ukikaa nacho sana unajifunza kuchechemea vizuri mpaka watu wanadhani ndio mwendo wako.

"Mama, tena," Nayeli anasema, vibanzi vimekwisha, ngoja mwanangu, zungusha, vuta, na kule uwanjani ngoma zao zimeingia, ndogo kwanza halafu kubwa, wanakaribia mwisho, na ninawaza, liache, mwenzako ana kazi, ana wasichana wanaomwita Mwalimu, hadithi yake ya Meksiko imekuwa ya kuchekesha, ukiisema leo utamnyang'anya na hiyo, atakutazama na kukuuliza miaka mitatu ulikuwa wapi, na huna rafiki mwingine wa kukuita mwenye vidole mbele ya uwanja mzima, huna... na Itzel amesimama ukutani anajizoeza bila bendera, mikono mitupu, na macho yake, anatazama chini, anarusha na kutazama nyasi, kana kwamba ameshaona itakapolala, na Yadira anamwambia "Si hivyo, tazama," na anaachia mkono mmoja toka kwenye mti amwonyeshe, na mkono unapanda, ule mkono, naujua kuliko wangu, unapanda hadi begani na unasimama, unasimama pale kama umegonga dari, na macho yake pia chini, mdomo umefungwa, na nimeduwaa na tepu hewani, kwa sababu nilidhani nilichomfanyia Yadira kilikwisha siku ile ile, kilio cha basi zima, jina la utani la mwaka mmoja, kumbe hapana, mkono huu niliukata mimi, na sasa yeye, kwa upendo, kwa kumwonea huruma mtoto wa watu, anaukata wa Itzel, na mwakani wa mwingine, na mwingine, wasichana wa Bondeni wote wanarusha usawa wa kifua kwa sababu ya hatua mbili ambazo sikupiga, na yule mwenyewe hajui, hajawahi kuambiwa na mtu yeyote, kwamba alirusha bendera nzuri kuliko zote, wote waliitazama ikianguka, mimi peke yangu niliitazama ikiwa juu, na nimemnyima hata hilo.

"Yadi," nasema. "Mm?" "Siku ile..." na matoazi yao yanapasuka nyuma ya ukuta, yanameza yote, na Yadira anakunja uso, "Nini? Piga kelele, shoga, tangu shule unaongea kama uko kwenye kitubio!" na ni kweli, sijawahi kupaza sauti mbele ya watu, hata mtoto huyu nilimzaa kimya, mkunga alishangaa, na ngoma zinapiga, na wasichana wananitazama, na tepu imebaki mizunguko mitatu, na mikono ya Yadira imeushika mti, na najaza kifua kama tulivyofundishwa, chini mpaka kwenye mkanda, "Nilisimama kwenye sita!" na hiyo ni sauti yangu, ni kubwa, Nayeli amegeuka, "Zilikuwa nane, Yadi, mimi nilisimama kwenye sita, mstari mzima ukasimama na mimi, bendera yako ilitua kwenye nukta yangu, niliiona, hukuzidisha hata kidogo," na Yadira ananitazama, mikono imeukaza mti, na mimi sishushi macho, atanichukia, na anichukie, ngoma bado zinapiga, na namwambia, simwombi, namwambia, "Mwambie huyu mtoto arushe juu. Juu kabisa, kama ulivyorusha wewe."