Balozi wa Figo

Cornelia alishuka kwenye bodaboda, akaona mabenchi yamepangwa uani kwake, akajua kuna msiba. Mabenchi ya kanisa hayatolewi kanisani kwa mchezo. Majirani wote walikuwa wamekaa kimya, wamejikunyata ndani ya makoti na mablanketi kwa ule upepo wa Sumbawanga usiojua kupiga hodi. Akashika nguzo ya lango.

"Nani?" aliuliza. "Niambieni tu. Nani katutoka?"

Wakageuka wote kumtazama yeye. Lo! Kwa kitambo kidogo akajiwa na wazo la ajabu, kwamba msiba ulikuwa wake mwenyewe na amechelewa kufika.

"Hakuna aliyekufa, Mama Romani!" Mumewe Benjamini alikuja mbio, amevaa suti yake ya sikukuu. "Hili ni shina. Si ulisema wanalihitaji?"

"Nani analihitaji?"

"Madaktari! Jana ulinipigia kutoka Mbeya, mtandao unakatikakatika, ukasema ili figo zako zisife utatibiwa kwa shina. Sasa mimi balozi wa shina hili nikae kimya? Nimegonga mlango kwa mlango. Nyumba zote kumi hizi hapa. Kama wanataka damu, wachukue. Kama wanataka figo, tutaelewana."

Mzee Sayi, mfugaji aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita, alikuwa ameshakunja mkono wa shati hadi begani, anangoja sindano.

Cornelia akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya begi lake, machozi yakamtoka, na mumewe akasimama pale na suti yake asijue kama acheke au aite gari. Kicheko kama hicho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu madaktari walipotaja saratani ya mlango wa kizazi. Dawa waliyomwanzishia ilikuwa kali, ikaupiga uvimbe ukaanza kunywea. Ila dawa yenyewe haina adabu. Ikishapigana na uvimbe, wakati wa kutoka mwilini inapitia kwenye figo na kuziumiza. Zake zilikuwa zimechoka. Daktari Lydia alimweleza bila kuzunguka: zikishuka tena tunaisimamisha dawa, na tukiisimamisha sasa, uvimbe utarudi. Kulikuwa na utafiti mmoja, akitaka ajiunge.

Cornelia alijibu kwamba atafikiri. Kumbe alikuwa ameshamaliza kufikiri. Ndani ya basi, walipoiacha Laela nyuma, alikata shauri kwamba harudi tena Mbeya. Alichoka kudungwa, alichoka kutapika, na wazo la kutiwa mwilini kitu cha mtu mwingine lilimsisimua ngozi. Alikuwa amekuja kumwambia mumewe hivyo.

"Si shina hili, baba," alisema akijifuta macho kwa kanga. "Ni seli shina."

"Seli ndiyo nini?" aliuliza Bibi Kristiana, mjane wa nyumba ya mwisho, mwanamke asiyeacha neno lipite bila kulisimamisha na kulipekua.

Ikabidi Cornelia aeleze. Na alipoanza kueleza, maneno ya daktari ambayo siku ile yalimpita kama upepo yakaanza kumrudia moja moja.

"Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana, bibi, huwezi kuviona kwa macho. Hivyo ndivyo seli. Seli shina ni zile changa, ambazo bado hazijapangiwa kazi. Mama akijifungua, akiridhia, wanazitoa kwenye kitovu cha mtoto, wanazikuza, halafu wanakutundikia dripu kabla ya ile dawa kali."

"Kitovu cha mwana wa watu!" Bibi Kristiana akashika kifua. "Sisi vitovu tunazika."

"Si kitovu chenyewe, bibi, ni hizo seli zake tu."

"Zikishaingia, zinageuka kuwa figo?" aliuliza Mzee Sayi.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Daktari anasema hapana, hazigeuki kitu. Figo ikipigwa na ile dawa, seli zake zinaingia kiwewe. Zinavimba, zinashambuliana, nyingine zinajiua. Basi hizi ngeni zinapita katikati yao, zinapeleka ujumbe: tulieni, acheni ugomvi, tengenezeni palipobomoka. Baada ya muda zinaondoka."

Benjamini akakohoa.

"Sasa hiyo si ndiyo kazi yangu?"

"Tofauti ni kwamba zenyewe zinaondoka!" Bibi Kristiana alidakia. "Wewe ukija kusuluhisha, hutoki mpaka ugali uive!"

Watu wakaangua kicheko, mabenchi yakalia. Cornelia alimtazama mumewe aliyekuwa akijitetea kwa mikono miwili. Mara ngapi alimwona akitoka na koti lake, mtu mzima na magoti yake mabovu, kwenda kukaa kati ya mume na mke waliorushiana vyombo? Hakuwa fundi wa ndoa. Alikaa tu, akasema maneno machache, na asubuhi nyumba ikawa bado imesimama. Kumbe kile alichokiogopa ndani ya basi alikuwa ameolewa nacho miaka yote hii! Joto likampanda kifuani, joto la furaha kabisa, akatamani basi la kurudi Mbeya liondoke saa ile ile.

"Imeshaponya watu?" Mzee Sayi aliuliza, sasa bila mzaha.

"Figo za panya zilistahimili. Kwa watu ndiyo kwanza wanaanza. Hakuniahidi kitu."

"Na utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Kwani kulikuwa na kutokwenda?" Benjamini aliuliza. Mkewe akainama kuliokota begi lake.

Huko Mbeya alitazamia mtambo mkubwa. Akaletewa kimfuko kidogo, majimaji yake meupemeupe kama yaliyooshewa mchele. "Ndiyo hizo tu?" aliuliza, na muuguzi akacheka. Cornelia akayaangalia yakishuka tone kwa tone kwenye mshipa wake. "Karibuni," alinong'ona. "Jisikieni nyumbani." Kisha ikafuata ile dawa kali, na siku za kungoja kipimo cha damu, ambazo alizipitisha akisali rozari na kugombana na usingizi.

Siku ya majibu, Daktari Lydia aliingia wodini anatembea upesi mno kwa daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, mwanangu, sema!"

"Figo zimeshika. Hazijashuka hata kidogo. Tena zimepanda."

"Ni zile seli?"

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda. "Natamani kusema ndiyo, mama. Natamani kupiga kelele. Lakini sijui. Huenda ni zenyewe, huenda ni maji mengi tuliyokupa, huenda ni mwili wako. Mpaka tuwaone wagonjwa wengi. Ninachokijua ni kimoja: dawa haisimami. Kesho tunaendelea."

Kesho! Cornelia aliijua vizuri kesho hiyo: ladha ya chuma mdomoni, tumbo linalopinduka, kichwa kizito. Akaipapasa simu chini ya mto.

"Baba Romani!"

"Eeh! Nakusikia, sema!"

"Kesho natapika!"

"Yaani dawa haisimami?" aliuliza mumewe. Halafu akamsikia akipiga kelele mbali na simu, sauti imempasuka: "Jamani, kesho anatapika! Mama Romani kesho anatapika!" Vigelegele vikalipuka huko Majengo, mtaani kwao Sumbawanga, virefu, vikipokezana nyumba hata nyumba, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa kusikiliza.

Cornelia akaiacha simu wazi kifuani. Akamwomba muuguzi amsogezee ndoo karibu.