Kijani cha Mlango

Katika duka la rangi alilofanyia kazi miaka kumi na tisa, wote walimwita Jicho. Mteja alileta kigae, kipande cha plasta, hata kifungo cha shati. Jicho akakitazama mlangoni penye mwanga, akaingia ndani kuchanganya. Rangi ikikauka, huwezi kuitenganisha na sampuli. Kwa hilo alilipwa mshahara wa fundi.

Kisha ikaletwa kompyuta. Unaweka kipande chini ya kijitaa, inakisoma, mashine inadondosha rangi yenyewe koponi. Jicho akabaki kufunga vifuniko na kubandika lebo.

Baada ya miezi miwili meneja alimwita ofisini.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kazi unayofanya sasa, hata yule binti tuliyemwajiri juzi anaifanya. Siwezi kuwalipa tofauti."

"Sawa," Jicho alisema, akatia sahihi karatasi ya mshahara mpya.

Jioni alimweleza mkewe wakimenya viazi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu."

Mkewe alimtazama, kisha akaokota kiazi kingine. Mwezi uliofuata walirudisha chumba cha pili kwa mwenye nyumba, watoto wakahamia sebuleni. Jicho alibeba magodoro.

Mwaka wa tatu tangu kompyuta iletwe, asubuhi moja, iligoma. Seremala mmoja alikuwa kwenye kaunta na kibanzi cha mlango wa kijani. Alitaka rangi siku hiyohiyo.

"Jicho, tuokoe," meneja alisema.

Alikipeleka kibanzi mlangoni. Mwanga ulikuwa uleule. Zamani kijani kingemwambia chenyewe: njano kiasi hiki, nyeusi tone moja. Sasa aliona kijani, basi. Alichanganya mara tatu. Ya kwanza ilielekea njano, ya pili buluu, ya tatu ikawa kama maji ya bwawa.

"Si mbaya, mzee," seremala alisema kwa upole. "Lakini acha nisubiri mashine."

Walipokuwa wakiosha vijiti vya kukorogea rangi, yule binti alimuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ni kweli zamani ulikuwa unaweza?"

"Ndivyo walivyokuwa wakisema."

Alingoja uchungu uje. Haukuja. Alihisi maji tu, yalikuwa ya baridi.

Wakati wa chakula cha jioni mkewe aliuliza habari za kazini.

"Kompyuta iligoma."

"Mkafanyaje?"

"Ilirudi saa nane," alisema, akaomba chumvi.